Presha Imerudi, Damu Haijafika

Mgonjwa wa sepsisi anaweza kufa huku presha yake ikisomeka vizuri. Jambo hili huwachanganya ndugu waliokaa nje ya wodi, na kwa miaka mingi liliwachanganya madaktari pia. Asubuhi mgonjwa ameletwa na presha ya 80 kwa 40. Ametundikiwa dripu, ameanzishiwa antibayotiki na dawa ya kupandisha presha, na ikifika saa nane mchana mashine inaonyesha 118 kwa 70. Oksijeni kidoleni ni asilimia 97. Anayetazama kioo cha mashine peke yake atasema hatari imepita. Lakini magoti ya mgonjwa bado ya baridi, mkojo kwenye mfuko haujaongezeka tangu saa nne, na maswali anayajibu kwa uzito zaidi kuliko alipofika. Kesho yake figo zimefeli.

Sepsisi ni hali ya mwili kupambana na maambukizi kwa namna iliyopotoka hadi kuumiza ogani zake wenyewe. Ndivyo wataalamu walivyokubaliana kuieleza mwaka 2016. Inaweza kuanzia kwenye nimonia, kidonda cha upasuaji, njia ya mkojo, au mfuko wa uzazi siku chache baada ya kujifungua. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa mwaka 2017 watu wapatao milioni 48.9 duniani walipata sepsisi na milioni 11 walifariki kwa sababu zinazohusiana nayo, karibu kifo kimoja katika kila vitano. Wengi wao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo zetu. Kwa hiyo swali la sura hii si la wenye mashine za bei kubwa peke yao: tutajuaje kwamba oksijeni imefika kwenye seli, na haijaishia kwenye mishipa mikubwa?

Tuanze na hesabu. Gramu moja ya haemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mzima mwenye haemoglobini 15 ana kama mililita 20 za oksijeni katika kila mililita 100 za damu ya ateri. Moyo ukisukuma lita tano kwa dakika, mwili unapelekewa takriban mililita 1,000 za oksijeni kila dakika. Mwili uliotulia hutumia kama 250 tu. Zinazobaki hurudi moyoni, na ndiyo maana damu ya vena ya mtu mwenye afya bado ina oksijeni ya asilimia 70 hadi 75. Tuna akiba kubwa, na akiba hiyo ndiyo inayotuwezesha kupanda mlima, kukimbia mvua na kuvumilia homa.

Hesabu hiyo inatufundisha pia kuisoma oksimita ya kidole kwa uangalifu. Kifaa hiki, ambacho msingi wake ulibuniwa na mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, kimeokoa watu wengi mno, na kila wodi inakihitaji. Ila kinajibu swali moja tu: kati ya haemoglobini iliyopo, ni asilimia ngapi imebeba oksijeni? Hakisemi haemoglobini yenyewe ni kiasi gani, wala damu inatembea kwa kasi gani. Mtoto mwenye malaria kali na haemoglobini 5 anaweza kusoma asilimia 98, na wakati huohuo damu yake imebeba theluthi tu ya oksijeni ambayo ingepaswa kuwamo. Kuna na jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa oksimita na vipimo vya damu ya ateri. Pale oksimita iliposoma kati ya 92 na 96, kiwango halisi kilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, na asilimia 3.6 ya vipimo vya Wazungu. Yaani ngozi nyeusi ilifichiwa upungufu karibu mara tatu zaidi. Anayefanya kazi Tanga au Bujumbura na kusoma 93 kwenye kidole cha mgonjwa wake anapaswa kulikumbuka hilo kila mara.

Sasa tushuke chini ya ateri. Marcello Malpighi aliziona kapilari mwaka 1661, kwenye pafu la chura, miaka 33 baada ya William Harvey kuandika kwamba damu huzunguka bila yeye kuwahi kuona njia inayounganisha ateri na vena. Mdenmark August Krogh alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa kuonyesha jinsi misuli inavyofungua kapilari zaidi inapofanya kazi. Kazi yake ilikuwa na maana kubwa kuliko inavyosikika. Oksijeni ikishatoka kwenye kapilari haina chombo cha kuibeba tena. Inapenya yenyewe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache, na safari hiyo ni ya sehemu ndogo sana za milimita. Kwa hiyo si wingi wa damu tu unaoamua kama seli itapata oksijeni. Umbali wake kutoka kapilari iliyo wazi ni muhimu vilevile. Kapilari moja ikifunga, seli zilizokuwa zikiitegemea zinabaki mbali na jirani yake, hata kama jirani huyo anapitisha damu tele.

Sepsisi inashambulia hapo hapo. Kuta za ndani za mishipa midogo zimefunikwa utando laini wa sukari na protini ambao huzuia maji kuvuja na seli kunata. Kemikali za vita dhidi ya vijidudu huutafuna utando huo. Ukuta unavimba na kuanza kuvujisha maji, na nafasi ya kupita inazidi kuwa finyu. Seli nyeupe zinajibandika ukutani, na vipande vidogo vya damu vinaganda. Seli nyekundu, ambazo kwa kawaida hujikunja ili zipite kwenye kapilari nyembamba kuliko upana wao, zinakuwa ngumu na kukwama. Nitriki oksidi, ambayo kazi yake ni kulegeza mishipa pale inapohitajika, inatolewa kwa fujo: huku nyingi mno, kule haitoshi. Kapilari moja inasimama kabisa, ya pembeni yake inakimbiza damu kwa kasi hata oksijeni haipati muda wa kushuka, na damu hiyo inarudi kwenye vena na mzigo wake.

Mkazi wa mtaa wa mwisho wa bomba anaijua hali hii: mita ya mamlaka ya maji inaonyesha presha nzuri kwenye bomba kuu, na kwake ndoo imekaa chini ya koki tangu alfajiri. Dawa za kupandisha presha, kama noradrenalini, zinarekebisha bomba kuu. Hilo ni la lazima, kwa sababu bila presha hakuna kitakachofika popote. Lakini kilichoziba mtaani hakizibuliwi na presha peke yake, na dawa ikizidishwa inaweza hata kuibana mishipa midogo zaidi.

Kwa miaka mingi maelezo hayo yalitoka kwenye wanyama wa maabara. Kilichobadilisha mambo ni kamera ndogo iliyoingia hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1990, na mmoja wa waliosukuma sana kazi hiyo ni Can Ince wa Amsterdam. Inamulika mwanga wa kijani, ambao haemoglobini huunyonya, kwa hiyo kila seli nyekundu inaonekana kama doa jeusi. Ncha yake inawekwa chini ya ulimi, mahali ambapo utando ni mwembamba na hauna rangi ya ngozi ya kuficha kitu. Kwa mtu mzima mwenye afya unaona wavu wa mishipa, na ndani yake madoa meusi yanatiririka mfululizo bila kukatika. Kwa mgonjwa wa sepsisi, mshipa mmoja unakwenda, wa pili unasukuma na kusita, wa tatu umejaa seli zilizosimama, na wa nne haupo kabisa, pameachwa eneo jeupe ambako ulipaswa kuwepo.

Mwaka 2002 Daniel De Backer na wenzake wa Brussels walichapisha walichokiona kwa wagonjwa 50 wa sepsisi. Kwa watu wenye afya, kama asilimia 90 ya mishipa midogo ilikuwa inapitisha damu. Kwa wagonjwa ilikuwa asilimia 48, na waliofariki walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko waliopona. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko takwimu zote za utafiti ule: walidondoshea chini ya ulimi asetilikolini, kemikali inayolegeza mishipa, na mtiririko ukarudi. Mishipa haikuwa imekufa, ilikuwa imefungwa, na kilichofungwa kinaweza kufunguliwa. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo lilionyesha kwamba wagonjwa ambao mishipa yao midogo haikufunguka siku kwa siku ndio walioelekea kufa kwa ogani kufeli, hata pale mshtuko wenyewe, yaani presha kuanguka, ulipokuwa umedhibitiwa.

Kamera ya aina hiyo imetumika pia katika ugonjwa tunaoufahamu zaidi. Arjen Dondorp na wenzake waliitazama mishipa ya utando wa njia ya haja kubwa kwa wagonjwa wa malaria kali nchini Bangladesh, wakaona kapilari zilizozibwa kabisa na seli zenye vimelea zilizonata ukutani. Kadiri kapilari zilizoziba zilivyokuwa nyingi, ndivyo lakteti, alama ya seli kukosa oksijeni ya kutosha, ilivyokuwa juu katika damu. Sepsisi na malaria kali ni magonjwa mawili, lakini kwa mtoto mwenye homa kali katika wodi zetu yanaweza kukutana ndani ya mwili mmoja, na yote mawili yanauzibia mlango uleule.

Pamoja na hayo, kamera haijawa kifaa cha kila wodi, na sitegemei iwe hivyo karibuni. Mate yanaharibu picha. Mkono wa anayepima ukigandamiza kidogo tu, mishipa inafunga kwa sababu ya mkono na si kwa sababu ya ugonjwa. Mgonjwa anayehema kwa nguvu hawezi kutulia na kitu chini ya ulimi. Na kuzihesabu picha hizo kwa usahihi kumekuwa kazi ya kukaa chini baadaye, ilhali mgonjwa wa sepsisi anahitaji uamuzi ndani ya nusu saa. Kamera imetufundisha tatizo liko wapi. Kulifuatilia kitandani kumebaki kazi ya njia nyingine.

Njia iliyopata umaarufu kwanza ilikuwa oksijeni ya damu ya vena. Mwaka 2001 Emanuel Rivers wa Detroit alichapisha utafiti wa wagonjwa 263: waliotibiwa mapema kwa kufuata mpango ambao, pamoja na mengine, ulitaka oksijeni kwenye vena kubwa ya kifuani ifike asilimia 70, walifariki asilimia 30.5, dhidi ya 46.5 ya wenzao. Hospitali za nchi tajiri zilibadilika. Halafu kati ya 2014 na 2015 zikaja tafiti tatu kubwa, za Marekani, za Australia na New Zealand, na za Uingereza, na hakuna hata moja iliyoona tofauti ya vifo. Sehemu ya maelezo ni njema: huduma ya kawaida ilikuwa imeboreka, antibayotiki na maji vilikuwa vinatolewa mapema kwa kila mtu. Sehemu nyingine ni ya kibiolojia. Katika sepsisi oksijeni ya vena inaweza kuwa juu kwa sababu mbaya kabisa, yaani damu imepita pembeni ya seli bila kuzihudumia, au seli zenyewe zimeshindwa kuitumia.

Hili la pili lilishaonekana zamani. Waliopima oksijeni ndani ya misuli ya wagonjwa wa sepsisi mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliikuta juu, si chini. Mwaka 2002 watafiti wa London walionyesha kwamba mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, katika misuli ya wagonjwa wa mshtuko wa sepsisi zilikuwa zimeharibika kiutendaji, hasa kwa wale ambao baadaye walifariki. Huenda seli zinajipunguzia kazi zenyewe ili zisife. Kama ni hivyo, kumsukumia mgonjwa oksijeni zaidi ya mahitaji hakutamsaidia, na kwa kweli kulishajaribiwa: mwaka 1994 utafiti wa London uliotumia dobutamini kupandisha oksijeni inayopelekwa mwilini hadi juu ya kawaida ulimalizika na vifo asilimia 54 kwa waliosukumwa, dhidi ya 34 kwa walioachwa.

Lakteti ina historia ndefu kuliko zote hizi. Mwaka 1843 Johann Joseph Scherer wa Würzburg, Ujerumani, alipima damu ya wanawake waliofariki kwa homa ya uzazi, akakuta asidi ya laktiki. Kwa maneno ya leo, walikuwa wagonjwa wa sepsisi. Lakteti huzidi seli zinapotengeneza nguvu bila oksijeni ya kutosha, na kiwango cha zaidi ya milimoli 2 kwa lita, baada ya maji na dawa ya presha, kimo ndani ya maelezo rasmi ya mshtuko wa sepsisi. Ni onyo la kuaminika: lakteti ikiwa juu na ikakataa kushuka, mgonjwa yuko hatarini. Lakini si saa ya kuendeshea matibabu. Adrenalini huipandisha hata oksijeni ikiwa tele. Ini lililochoka hushindwa kuiondoa. Na hata mambo yakienda vizuri, hushuka polepole kwa saa nyingi. Anayengoja lakteti irudi kawaida ndipo aache kuongeza dripu ataongeza dripu ambazo hazikuhitajika.

Zipo mashine za mwanga usioonekana zinazobandikwa chini ya kidole gumba, zikapima oksijeni ya msuli huku mkono umefungwa kwa mkanda wa presha kisha ukaachiwa. Kwa mgonjwa wa sepsisi oksijeni hurudi kwa kusuasua. Ipo pia hesabu ya tofauti ya kabonidioksaidi kati ya vena na ateri, ambayo ikizidi milimita 6 za zebaki hudokeza kwamba damu inatembea polepole mno kusomba taka. Zote zina faida zake mikononi mwa wanaozijua. Mimi nataka kukaa zaidi kwenye kidole.

Kidole kinapimwa hivi. Shika kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mkono ukiwa usawa wa moyo. Gandamiza upande wa chini wa ncha yake hadi rangi ipotee, subiri, achia, kisha hesabu sekunde hadi rangi irudi. Inaonekana kama jambo la mchezo, na kwa muda mrefu lilifanywa kimchezo. Wengine waligandamiza sekunde mbili, wengine tano. Wengine walihesabu kichwani, na anayehesabu kichwani akiwa na haraka hufika tatu mapema. Mkono uliotoka kwenye baridi hudanganya. Umri nao una lake: vipimo vilivyochapishwa mwaka 1988 vilionyesha kuwa wazee wenye afya wanaweza kufika sekunde 4.5. Kucha zenye hina au rangi hazisomeki, ndiyo maana nyama ya ncha ya kidole, upande wa kiganja, ni bora. Kwa ngozi zetu ni bora mara mbili, maana upande wa kiganja rangi ya ngozi ni nyepesi. Alama nyingine inayosifiwa sana Ulaya, mabaka ya zambarau yanayozunguka goti, ambayo madaktari wa Paris waliipangia madaraja ya 0 hadi 5 mwaka 2011, kwa mgonjwa mweusi mara nyingi haionekani.

Waliokiweka kidole kwenye mizani ya sayansi walikuwa watafiti wa Amerika ya Kusini wakiongozwa na Glenn Hernández wa Chile, katika utafiti ulioitwa ANDROMEDA-SHOCK, uliochapishwa mwaka 2019. Waliwakusanya wagonjwa 424 wa mshtuko wa sepsisi kutoka ICU 28 za nchi tano. Nusu walitibiwa kwa kufuata lakteti, iliyopimwa kila saa mbili. Nusu walifuata kidole: kigae cha kioo cha darubini kiligandamizwa kwa sekunde 10, saa ya kusimamisha ikahesabu, na zaidi ya sekunde 3 ilihesabiwa kuwa si kawaida. Walirudia kila nusu saa hadi ikae sawa. Baada ya siku 28 walikuwa wamefariki 74 katika kundi la kidole na 92 katika kundi la lakteti, yaani asilimia 34.9 dhidi ya 43.4. Kwa vigezo walivyojiwekea tofauti hiyo haikutosha kusema kwa uhakika kwamba kidole ni bora. Kiasi cha bahati hakikuweza kuondolewa. Lakini kipimo kisicho na gharama kilisimama bega kwa bega na kipimo cha maabara, na kundi la kidole lilipewa maji pungufu kwa kama mililita 400 katika saa nane za kwanza. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 ukapendekeza kitumike sambamba na vipimo vingine.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwaambia wauguzi wote wa Afrika Mashariki wapime vidole na kutundika dripu. Hatuwezi, kwa sababu jambo hilo lilishajaribiwa kwetu, kwa watoto wetu, na matokeo yake yalibadilisha tiba duniani.

Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Waliingizwa watoto wa siku 60 hadi miaka 12 wenye homa kali na dalili kwamba damu haifiki vizuri: rangi ya kidole kuchukua sekunde 3 au zaidi kurudi, miguu ya baridi, mapigo dhaifu ya mkononi, au moyo kwenda mbio kupita kiasi. Wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa kasi, jingine albumini kwa kasi, la tatu halikupewa maji ya kasi ila maji ya kawaida ya kumtunza mtoto. Vitabu vyote vya wakati huo vilitarajia kundi la tatu lifanye vibaya. Utafiti ulisimamishwa mapema, Januari 2011, kwa sababu kinyume chake kilikuwa kinatokea. Kati ya watoto 3,141 wa kundi kuu, ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya kasi. Katika kila watoto 100 waliopewa tiba iliyodhaniwa kuwaokoa, zaidi ya watatu walikufa ambao wangeishi.

Uchambuzi uliotoka mwaka 2013 ndio unaogusa sura hii kwenye kiini. Baada ya saa moja, dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya watoto waliopewa maji ya kasi, na kwa asilimia 32 tu ya wasiopewa. Kwa hiyo mama aliyekuwa kando ya kitanda, muuguzi, daktari, wote wangeona mtoto anapata nafuu. Kisha, katika saa zilizofuata, waliopewa maji walikufa zaidi, hata wale ambao dalili zao zilikuwa zimeondoka. Na wengi waliozidi hawakufa kwa mapafu kujaa maji, kama ilivyodhaniwa mwanzoni. Moyo na mzunguko wa damu vilianguka.

Watu wazima nao. Huko Lusaka, wagonjwa 212 wa sepsisi wenye presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, waligawanywa kati ya huduma ya kawaida na mpango wa kutoa maji mengi mapema pamoja na dawa ya presha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: vifo vya hospitalini vilikuwa asilimia 48.1 kwa waliofuata mpango na 33.0 kwa huduma ya kawaida.

Tafiti hizi hazipingani na ile ya Chile na jirani zake, zikisomwa pamoja. Katika FEAST kidole kilitumika kama ruhusa ya kuanza: kikichelewa, toa dozi nzima iliyopangwa. Katika ANDROMEDA-SHOCK kilitumika kama amri ya kuacha: kikirudi kawaida, usiongeze kitu, na kabla ya kila mfuko wa maji daktari alipima kama moyo wa mgonjwa utafaidika na maji hayo. Wagonjwa wale walikuwa ICU, penye mashine za kupumulia na mtu wa kukaa kando yao. Mtoto wa Soroti hakuwa na vitu hivyo maji yalipomzidi. Naamini nguvu ya kidole iko kwenye kuacha kuliko kwenye kuanza, na kwamba hata katika kuacha hakitoshi peke yake, kwa kuwa watoto wa FEAST walionyesha kuwa dalili inaweza kupona kabla ya mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake wa watoto mwaka 2016. Sasa mshtuko unahesabiwa pale zinapokutana dalili tatu kwa pamoja, mikono na miguu ya baridi, kidole cha zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu yanayokimbia. Maji yanatolewa mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, na asiyetimiza dalili zote tatu hapewi maji ya kasi. Kwa wodi isiyo na lakteti wala kamera, hilo linamaanisha kazi ya mikono na kalamu: kidole kilekile, kila nusu saa, kwa saa yenye mkono wa sekunde, kiganja kishuke kutoka paja hadi unyayo kutafuta baridi inapoanzia, kiasi cha mkojo kiandikwe kwa saa, na kabla ya mfuko wa pili, hesabu ya pumzi, ini chini ya mbavu, na sikio kwenye mapafu. Antibayotiki iwe imeshatoka kabla ya yote hayo, kwa sababu hakuna kipimo cha mishipa midogo kinachoua vijidudu.

Mwaka 2025 ulitoka mwendelezo wa utafiti wa Hernández, safari hii ukiwa na wagonjwa zaidi ya 1,400 wa nchi 19, ambao matibabu yao yalirekebishwa mmoja mmoja kwa kuongozwa na kidole. Vifo vilikuwa karibu sawa na vya huduma ya kawaida; walichofaidi ni muda mfupi zaidi wa kutegemea dawa za presha na mashine. Kwa ICU hiyo ni faida ya kweli. Kwa hospitali ya wilaya, ambako mashine hizo ni chache au hazipo, swali bado liko wazi: mtu mzima mwenye nimonia na kidole cha sekunde tano, hana kitanda cha ICU, apewe maji kiasi gani, na aanzishiwe noradrenalini kwenye mshipa wa mkono mapema kiasi gani? Muheza, Mbale na Kilifi zilishaendesha utafiti uliosahihisha vitabu vya dunia nzima, na utafiti wa swali hili unastahili kufanyika kwenye wodi kama hizo, kwa wagonjwa wenye haemoglobini, malaria na ngozi kama za wale watakaotibiwa kwa majibu yake.